Stima Iliyobaki Ndani

Dancun alikataa katakata kuigusa. Alisimama mlangoni mwa stoo ya vielelezo, mikono kaiweka nyuma, akaitazama mashine iliyokuwa mezani kama mtu aliyeambiwa amshike nyoka kwa sababu ni wa kufugwa.

"Madam, mimi nimekuja kusaidia. Kufa sikuja."

"Imechomolewa tangu Jumamosi," Inspekta Pascalia akamwambia. "Haina stima."

"Hata Gona alijua hivyo hivyo."

Pascalia alikuwa mwanamke wa maneno machache na subira haba, na asubuhi hiyo hata hiyo haba ilikuwa imekwisha. Kesho Swabra angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kumuua mchumba wake, na faili la kesi lilikuwa safi mno. Hakuna shahidi aliyempinga mwenzake, hakuna swali lililobaki bila jibu. Maisha ya watu hayako hivyo, na vifo vyao ndiyo kabisa.

Habari yenyewe Kisauni nzima ilikuwa imeshaitafuna ikaimaliza. Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi mmoja wa Mishomoroni, kina mama walikuwa wakimtoa bi harusi wakati mashine ya radi, ile ya kurusha cheche za umeme kwa mdundo wa muziki, ilipokatika katikati ya wimbo. Gona, fundi wake na mchumba wa Swabra, akaitwa kutoka nje. Mwanamume hakanyagi kwenye sherehe ya kina mama hivi hivi, basi ukapigwa ukelele wa "Mwanamume anaingia!", wanawake wakakimbilia nyuma ya pazia kujisitiri, naye akapita. Akafungua sanduku la mashine, akapeleka mikono ndani, akafa.

Aliyekuwa akiiendesha mashine ni Swabra. Na Rashad, kaka yake wa tumbo moja, mshirika wa Gona kazini, aliwaeleza polisi huku machozi yakimtoka kwamba aliikuta plagi bado imo kwenye soketi, akaichomoa kwa mkono wake. Jamaa za Gona walipoongeza kwamba msichana alikuwa akilazimishwa kuolewa, mambo yakatengenea. "Nani atamsingizia dada yake?" mkuu wa kituo aliuliza, na kwa swali hilo akafunga mdomo wa kila mtu. Isipokuwa wa Pascalia, ambaye hakuwa ameufungua.

"Transista za mashine hii umeziuza wewe," akamwambia Dancun. "Kuukuu. Umezing'oa kwenye mashine za kuchomelea vyuma huko kwako Changamwe. Nikisema ndizo zilizopasuka zikamuua Gona?"

"Ai, madam! Transista ikipasuka inajiua yenyewe. Haiui mtu." Dancun aliingia ndani hatua moja, woga ukamtoka kwa hasira. "Unajua hii koili ilikuwa vipi zamani? Mimi naijua tangu Gona akiwa peke yake nayo. Hapa palikuwa na pengo la cheche. Vyuma viwili vimeachana kidogo, stima inaruka katikati. Ta-ta-ta-ta! Kelele kama mabati yanagongwa. Mtaa mzima unajua iko hai. Ikinyamaza, imekufa, unaingiza mkono."

"Kisha?"

"Kisha Rashad akaja na akili yake. Akatoa pengo, akaweka transista. Zinafungua na kufunga stima haraka kushinda cheche, na kimya kabisa. Ukizifungulia kwa mdundo wa muziki, radi yenyewe inaimba. Taarabu inatoka kwenye moto! Harusi zote zikawataka wao." Alivuta pumzi. "Lakini transista hazili stima ya ukutani ilivyo. Lazima kwanza uinyooshe, uihifadhi. Ndiyo kazi ya hawa jamaa wawili."

Alionyesha kwa kidevu. Ndani ya sanduku zilikaa kapasita mbili, kubwa kama makopo ya maziwa ya mtoto.

"Ukichomoa plagi, hizi hazina habari kama umechomoa. Zimeshiba, zimekaa. Ndiyo maana fundi mwenye akili anaweka rezista hapa juu, ya kuzinyonya pole pole mpaka zikauke."

"Na hapa iko wapi hiyo rezista?"

Dancun alitoa mfukoni balbu yenye nyaya mbili, akazigusisha kwenye vichwa vya kapasita, uso kaugeuza pembeni. Balbu haikuwaka. Ndipo akainama, akatazama vizuri, na alipoinuka sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ilikuwepo. Ona miguu yake hii miwili, bado imeshika risasi ya kulehemu. Ingeungua ingekuwa na masizi. Hii inang'aa, madam. Imekatwa kwa koleo, na si zamani."

Konstebo Musyoka, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa. "Lakini boss, Gona alikuwa na testa. Tumeipata chini ya maiti. Si ingewaka aone kuna stima?"

"Testa inawaka stima ikipita kwako kwenda chini, kwa ardhi. Ya kapasita iliyochomolewa haitaki ardhi. Inataka upande wake wa pili tu. Ukigusa upande mmoja, testa inalala. Unasema iko sawa. Halafu unashika huku na huku kwa mikono miwili..." Dancun hakumaliza.

Pascalia alimalizia kimoyomoyo. Daktari alikuta alama ya kuungua kwenye kidole cha mkono wa kulia na nyingine kwenye kiganja cha kushoto. Miguuni hapakuwa na kitu. Alikuwa ameisoma taarifa hiyo mara nyingi bila kujua inamwambia nini.

"Swali la mwisho. Hapa kwenye vichwa vya kapasita kuna weusi, na chuma kimerukia kikaganda. Ni nini?"

"Hapo mtu amezifunga kwa bisibisi. Ukilaza bisibisi juu ya vichwa viwili, stima iliyobaki inatoka yote mara moja. Mlio wake si mchezo, kama risasi ya bunduki. Na bisibisi inaumwa ncha."

"Gona ndiye aliyefanya hivyo?"

"Angefanya hivyo asingekufa."

*

Swabra alikuwa amejikunyata pembeni mwa seli ya wanawake, mtandio kaufunga hadi kwenye nyusi.

"Swabra."

"Abee."

"Nieleze tena. Mashine ilipokatika, ulifanya nini?"

"N'lichomoa plagi. Waya n'kauzungusha mkononi, n'kauweka juu ya kiti, mbali. Ndivyo Gona alivyon'fundisha tangu siku ya kwanza. Chomoa, zungusha, weka mbali."

"Kaka yako anasema aliikuta kwenye soketi."

"Alikuwa kachanganyikiwa. Msim'laumu, maskini."

Pascalia alimtazama kwa muda. Msichana alikuwa anazama, na bado anamtafutia mwenzake ubao wa kushika. Ilimkera mpaka ikamuuma.

"Mashine ikiharibika ukumbini, kwa kawaida nani huingia?"

"Rashad. Kina mama wale wote wamem'lea, hawamuonei haya sana. Na transista ni kazi yake. Gona hungoja nje, huja wakati wa kupakia."

"Jumamosi mbona akaingia Gona?"

"Rashad alisema tumbo lamsokota."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"N'likwenda kuvaa buibui. N'likuwa na nguo ya sherehe, siwezi kusimama mbele ya Gona vile. Hajawa mume wangu." Akasikia alichokisema, akauvuta mtandio mdomoni. "N'liporudi wanawake wanapiga mayowe."

"Watu wanasema ulilazimishwa kumkubali."

"Warongo! Wallahi n'lim'taka mwenyewe. Wao jamaa zake ndio hawakutaka mtoto wao asilimu. Mama alikubali posa, na Rashad akakubali. Baba hayupo, Rashad ndiye walii wangu. Yeye ndiye angem'shika Gona mkono siku ya nikaha, aseme nimekuozesha."

"Alikubali kwa moyo mkunjufu?"

"Mama alisema ndiyo. Rashad akasema, 'Mwataka nimshike mkono yule mbele ya jamaa zetu?' Kisha akanyamaza, yakapita. Mtu husema maneno, Inspekta."

*

Musyoka alimngoja kwenye korido, taarifa za kina mama mkononi.

"Zote zinafanana, madam. Walikuwa nyuma ya pazia, wakasikia mlio mkubwa, wakafunua, wakamwona Gona yuko chini na Rashad amesimama kando yake, bisibisi mkononi. Yaani mlio ndio uliomuua."

"Mlio ulipolia, Rashad alikuwa wapi?"

"Kwa taarifa yake? Getini, anaumwa tumbo. Akasikia, akakimbia ndani."

"Wewe umeuona ukumbi. Kutoka getini hadi jukwaani?"

"Ni mbali. Lazima upite uwanja, upite ngazi, upite viti vyote."

"Na pazia?"

"Hapo hapo kando ya jukwaa."

"Kufunua pazia kunachukua muda gani?"

"Sekunde moja tu, madam."

"Mlio ulipolia Rashad alikuwa amesimama pale pale," Pascalia akasema. "Na Gona alikuwa ameshakufa. Mlio ule ni bisibisi, Musyoka. Sasa fikiria. Unaingia unamkuta mwenzako kaanguka mbele ya mashine. Kama unadhani ni stima ya ukutani inayomuua, unakimbilia wapi?"

"Kwa soketi."

"Yeye alikwenda kwenye kapasita. Nani anakwenda kumaliza stima iliyobaki ndani, isipokuwa yule anayejua imebaki? Na akishaimaliza, nani atajua kwamba haikuwa plagi?"

"Uii!" Musyoka alishika kichwa. "Lakini atasema zile alama ni za zamani. Kila fundi ana bisibisi imeungua. Tunahitaji mtu aliyekuwepo."

"Wanawake wote walikimbilia pazia?"

"Wote, isipokuwa mmoja. Somo wa bi harusi, yaani kungwi wake. Magoti yake hayamruhusu kukimbia, alibaki kwenye kiti chake karibu na mashine. Aliandikisha kwamba hakuona kitu."

"Anaitwa nani?"

Musyoka hakuhitaji kutazama karatasi. "Mwanarehema. Mama yao."

*

Nyumba ilikuwa Mtopanga, karakana mbele barazani, familia nyuma. Rashad aliwakaribisha kwa adabu zote. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mtanashati hata kwenye nguo za kazi, macho mekundu ya mtu asiyelala. Pascalia hakukaa.

"Bisibisi yako ya Jumamosi."

"Ipi? Ninazo nyingi."

"Ile uliyokuwa nayo kina mama walipofunua pazia."

Rashad alitazama ubao wa vifaa ukutani, akatungua moja yenye mpini wa manjano, akampa. Fundi hatupi bisibisi nzuri hata kwa mauti. Pascalia aliilinganisha na pacha wake aliyebaki ubaoni. Hii ilikuwa fupi, na ncha yake ilikuwa mpya kabisa, imepigwa tupa mpaka inametameta.

"Umeinoa lini?"

"Sikumbuki. Bisibisi hunolewa."

"Pacha wake hukumnoa."

"Inspekta, nimefiwa na mshirika, dada yangu yumo ndani, na wewe waniuliza bisibisi?"

"Naam. Na rezista ya kapasita uliikata lini?"

Hapo tu ndipo uso wake ulipokosa pa kukaa. Alicheka kidogo. "Rezista? Labda Gona mwenyewe aliikata. Hakuzielewa zile transista, yeye ni mtu wa cheche."

Ndani kukasikika fimbo ikigonga sakafu. Mwanarehema alitokea mlangoni, mama mnene wa makamo ya mwisho, leso mbili, jicho moja limeingiwa na mtoto wa jicho.

"Shikamoo, Bi Mwanarehema."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

"Mama, rudi ukapumzike," Rashad akasema upesi. "Keshaandika kwamba hakuona kitu. Macho yake mwayajua."

"Ndiyo maana simuulizi aliloliona," Pascalia akasema. "Bi Mwanarehema, nakuuliza ulilolisikia. Ule mlio mkubwa ulikuja Gona hajaanguka, au alipokwisha kuanguka?"

Mama aliitafuta ncha ya kiti kwa mkono, akakaa. Akailaza fimbo mapajani.

"Nikikujibu," hatimaye mama akasema, "itakuwaje?"

Pascalia angeweza kumdanganya. Kuna wenzake kituoni ambao wangemdanganya, wakapandishwa cheo.

"Ukinyamaza, kesho Swabra anasimama kizimbani kwa kosa la kuua. Ukisema, mmoja anarudi na mmoja anakwenda. Sina jibu la tatu, mama. Ningelikuwa nalo ningekupa."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," mama akasema, na haikuwa kwa kujibu mtu. "Wote wawili nimewazaa mie."

"Mama, usiseme kitu," Rashad akasema. "Hawana ushahidi. Swabra atapata wakili, hakimu atamhurumia, ni mwanamke. Mimi wataninyonga!"

Maneno yalishamtoka ndipo akayasikia. Musyoka alisogea taratibu mpaka akawa kati yake na mlango.

Mwanarehema alimgeuzia mwanawe lile jicho zima. "Tangu Jumamosi nimenyamaza mie, Rashad. Sasa nyamaza wewe."

Kisha akamwelekea Pascalia, akasema bila kusita, kama mtu anayetapika alichokizuia muda mrefu.

"Gona aliingia, akan'salimu. 'Shikamoo mama.' Hajawahi kun'pita bila salamu, mtoto yule. Akagusisha testa yake, akasema, 'Imelala.' Kisha n'kasikia kitu kizito kimeanguka. Hapana mlio. N'kamwita, Gona! Gona! Haitiki. Ndipo n'kasikia viatu vyaja mbio, na viatu vya mwanangu navijua. N'kamwambia, 'Rashad, kimbilia soketi!' Akanijibu, 'Plagi imetoka kitambo, mama.' Halafu ndipo ule mlio. Pwaa! Mpaka leo masikio yaniuma."

"Plagi imetoka kitambo," Pascalia akarudia pole pole. Musyoka aliandika, kalamu ikisikika.

"Ndivyo alivyosema. Na usiku ule akaja kunambia n'lisikia vibaya."

"Mama!" Rashad alikuwa amepauka. "Ulitaka nini? Ulitaka nim'shike mkono yule, mbele ya ami zangu, mbele ya msikiti mzima, nimwambie nimekuozesha dada yangu? Mtu niliyemtoa kwenye cheche nikamfanya fundi?"

"Aliyekubali posa ni mie. Ungelin'kasirikia mie."

"Sikutaka afe! N'litaka ashtuke tu, aiogope kazi, aende zake!"

"Labda," Pascalia akasema. "Labda kweli siku unaikata hiyo rezista ulitaka ashtuke. Lakini Jumamosi ulimkuta amelala chini. Hukumgeuza, hukumwita jina, hukumtafutia gari. Ulimaliza stima iliyobaki, kisha ukaja kwetu ukalia, ukatutajia plagi. Hapo ulitaka nini?"

Rashad alimtazama mama yake amjibie. Mama alikuwa ameshajifunika uso kwa leso.

Musyoka akamfunga pingu. Walipompitisha barazani, majirani walikuwa wamekwisha kujaa, na mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ni nini tena jamani, si yule msichana alishashikwa?

*

Mkuu wa kituo alinung'unika, akasoma, akanung'unika tena, kisha akatia sahihi. Pascalia alikwenda mwenyewe kufungua mlango wa seli. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na kila alilolipata aliliona halifai. Kwa hiyo alisema tu, "Toka, Swabra. Uko huru."

"Alhamdulillahi." Swabra alisimama, akashika ukuta. "Mmeamini kwamba n'lichomoa?"

"Tumeamini."

Mwanarehema alikuwa kwenye benchi la mapokezi, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amekataa chai, amekataa kupelekwa nyumbani, amekataa hata kuegemea. Swabra alimwona, akakimbia, akamwangukia mapajani, wakalia wote wawili kilio kimoja, ingawa Pascalia alijua si cha jambo moja.

Baada ya muda msichana alijipangusa kwa ncha ya mtandio, akaanza kuangaza macho. Alitazama mlangoni, akatazama uani kulikoegeshwa magari.

"Umekuja na nani, mama? Rashad yuko wapi?"

"Yumo humu," mama akasema. "Yumo ndani."

Uso wa Swabra ukafunguka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "N'lijua tu! N'liwaambia, kaka yangu hawezi kuniacha. Kaja kunidhamini?"

Mwanarehema alimshika mkono, akaubana kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"La, mwanangu," akasema. "Kaja kukaa."